Yowe Likisikika: Barua ya Wazi kwa Madiwani wa Jiji la Dodoma

Kwa Mstahiki Meya na Waheshimiwa Madiwani,
Halmashauri ya Jiji la Dodoma.

Nakala: Kamanda wa Polisi Mkoa wa Dodoma, wakuu wa vyuo na shule za sekondari, wenyeviti wa mitaa yote ya Jiji.

YAH: OMBI LA KUFUNDISHA KUJIHAMI KATIKA SHULE, VYUO NA MITAA YETU



Naandika nikiwa mkazi wa Nkuhungu na mwalimu wa mazoezi ya kujihami kwa wasichana na akina mama. Ombi langu ni moja. Naomba Jiji lianzishe mafunzo mafupi ya kujihami, yenye ratiba inayojulikana na walimu waliochujwa, katika shule za sekondari za kata, katika vyuo na katika mitaa. Mafunzo hayo yawe na pande mbili: upande wa anayeshambuliwa, na upande wa jirani anayesikia yowe. Upande huu wa pili ndio tuliousahau, na bila huo ule wa kwanza hautafika mbali.

Ninyi mnajua kuliko mimi jinsi mji huu ulivyotanuka. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ni wa mwaka 1973, lakini msukumo wenyewe tuliuona kuanzia 2016 Serikali ilipoanza kuhamia kweli, na Aprili 26, 2018 tukatangazwa kuwa Jiji. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 765,179. Nzuguni, Iyumbu, Nala, Ihumwa na Mtumba, sehemu ambazo wazee wetu walizijua kwa mashamba ya mtama na karanga, leo zina mitaa yenye nyumba za kuta ndefu na mageti ya chuma. Ni maendeleo, na tunayashukuru. Ila maendeleo haya yamekuja na ugeni mwingi kwa wakati mmoja. Watu wanaishi ukuta kwa ukuta miaka mitatu bila kujuana majina.

Halafu kuna mapagale. Mtu amepata kiwanja, amejenga hadi kwenye lenta, hela ikaisha. Ukuta umesimama, paa hakuna, nyasi zimeota sebuleni, na dirishani pamebaki tundu linalotazama njia. Jirani na pagale kuna kichaka, mbele yake kuna njia ya mkato inayotoka kituo cha daladala kwenda nyumba za wapangaji. Saa kumi na moja alfajiri hapo wanapita wanaowahi gari la Mtumba, na mama wa maandazi amebeba beseni lake. Saa mbili usiku wanapita wanafunzi waliotoka kujisomea. Kibaka anazijua saa hizo kama sisi tunavyozijua.

Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007 kwa lengo la kuchukua wanafunzi 40,000, na mwaka huohuo ndipo kilipoanza Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Ongezeni Chuo cha Mipango, CBE na vingine. Maelfu ya vijana, wengi wao ikiwa mara yao ya kwanza kuishi mbali na wazazi, wanapanga vyumba Ng'ong'ona, Makulu na Kikuyu. Ukitoka nje ya Jiji, kwenda Bahi, Chamwino, Kongwa au Mpwapwa, hali ina sura nyingine. Kiangazi kikikaza, wasichana wanakwenda mbali kuchimba maji kwenye mchanga wa korongo. Wanaosoma shule za kata zilizo mbali na kwao wanapanga mageto, watoto wa miaka 15 wakijipikia na kujifungia wenyewe kwa mlango wa mbao na kitasa kimoja.

Na tusidanganyane kwamba hatari yote iko njiani. Utafiti wa afya ya jamii wa 2015–16 ulionyesha kuwa wanawake 4 katika kila 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa wamewahi kupigwa au kuumizwa tangu walipofika miaka 15, na kwa walioolewa, anayetajwa zaidi ni mume au mwenza. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 katika 10, na mvulana mmoja katika 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mara nyingi anayemdhuru mtoto ni mtu anayemjua: jirani, ndugu, rafiki wa familia. Kwa hiyo somo ninaloliomba si la kumpiga mgeni wa gizani pekee. Ni somo la kumtambua hata yule anayeitwa mjomba, na kumkatalia mapema, kwa sauti inayosikika chumba cha pili.

Waheshimiwa, mnakumbuka mwaka 2024, video ya binti aliyefanyiwa ukatili na kundi la wanaume iliposambaa nchi nzima. Kesi ilisikilizwa hapa Dodoma, na Septemba 30, 2024 mahakama ikawahukumu watu wanne kifungo cha maisha. Sheria ilifanya kazi yake, na ilifanya haraka. Lakini hukumu huja baada ya mtu kuumizwa. Katiba yetu, ibara ya 14, inasema kila mtu ana haki ya kuishi na kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake. Hifadhi maana yake ni kabla. Na anayetakiwa kuitoa ni jamii, yaani mimi, ninyi, mwenyekiti wa mtaa na mpangaji wa chumba cha nyuma.

Kuna watakaosema kujihami ni mambo ya sinema. Naomba tutazame palipojaribiwa.

Nairobi, katika vitongoji kama Korogocho, kumekuwa na mafunzo ya kujihami kwa wasichana wa sekondari yaliyotolewa kwa vikao 6 vya saa 2 kila kimoja. Matokeo ya utafiti mmoja uliohusisha vijana 1,978 yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la kitabibu la Pediatrics. Kwa wasichana waliofundishwa, kiwango cha kushambuliwa kingono kwa mwaka kilishuka kutoka 17.9 hadi 11.1 katika kila wasichana 100. Kwa wenzao ambao hawakufundishwa, hakikubadilika kwa namna ya maana. Zaidi ya nusu ya waliofundishwa walisema walishatumia walichojifunza kuzuia shambulio. Hukohuko Korogocho, bibi zetu wazee nao walipoona wanavamiwa na kubakwa na vijana wa umri wa wajukuu zao, walianzisha mazoezi yao wakayaita Shosho Jikinge. Mabibi wanajifunza kupiga ngumi na kupaza sauti kwa pamoja. Hawakungoja kuambiwa kwamba umri umepita.

Kanada nako, vyuo vikuu vitatu viliwafundisha wanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza kwa jumla ya saa 12, vikao vinne vya saa tatu. Utafiti ulihusisha wanawake 893 na ulichapishwa mwaka 2015. Ndani ya mwaka mmoja, waliobakwa miongoni mwa waliofundishwa walikuwa asilimia 5.2, na miongoni mwa wasiofundishwa asilimia 9.8. Karibu nusu ya madhara yale yaliepukwa kwa saa 12 za darasa. Hakuna mafunzo duniani yanayozuia kila shambulio, na mwalimu anayeahidi hivyo ni tapeli. Lakini saa 12 ni wikiendi mbili tu, na sioni sababu ya binti wa Dodoma kukosa kile alichopewa binti wa Korogocho.

Sasa niwaeleze tunachofundisha, ili mjue mnaombwa kuidhinisha nini.

Katika darasa jipya, kitu kigumu kuliko vyote ni sauti. Msichana wa kidato cha tatu anayebeba ndoo ya lita 20 kichwani kutoka bombani hadi nyumbani bila kuishika, ukimwambia apaze sauti aseme, "Acha! Toa mkono wako!", anacheka, anaziba mdomo kwa kiganja, anatazama chini. Tangu utotoni ameambiwa mtoto wa kike hapayuki. Inachukua kikao kizima mpaka sauti itoke tumboni. Ikitoka, utamwona mwenyewe anashtuka, mabega yanapanda, macho yanamtazama mwenzake usoni. Huyo tayari ameshapata robo tatu ya somo, kwa sababu wavamizi wengi wanatafuta mtu atakayenyamaza.

Ndipo tunaingia kwenye mwili. Chukueni kabali, ambayo wengi wetu tunaijua kwa kusimuliwa na waliokabwa. Mmoja anakuja nyuma anakupitishia mkono shingoni, mwenzake anapekua mifuko. Asiyefundishwa huinua kidevu kutafuta hewa, na akiinua kidevu ndipo mkono unapozama kooni. Tunafundisha kinyume chake: kidevu kishuke kifuani na kigeukie kwenye kiwiko cha mvamizi, maana kwenye kona ya kiwiko ndipo penye nafasi ya kupumua. Mikono yote miwili iunase mkono wake na kuuvuta chini kwa uzito wa mwili mzima. Kisigino kishuke kwa nguvu juu ya unyayo wake, kiwiko kirudi nyuma mbavuni. Mkono ukilegea tu, toka, kimbia, na yowe litangulie. Ukishikwa kifundo cha mkono, usivutane. Vidole vinne vya mvamizi viko upande mmoja na gumba liko peke yake upande wa pili. Zungusha mkono wako utokee kwenye gumba. Ukibanwa uso kwa uso, kiganja kiende puani, vidole machoni, goti kwenye kinena. Hatufundishi kushinda pambano. Tunafundisha sekunde tatu za kuondoka.

Tunafundisha pia kutokupigana. Kibaka mwenye kisu anayetaka simu, mpe simu. Itupe mbali upande mmoja, wewe kimbilia upande wa pili, palipo na taa na watu. Hakuna simu, hakuna mkoba, hakuna fedha ya mkopo wa elimu ya juu inayolingana na tumbo lililochanwa. Tunawaambia waweke namba ya siri kwenye simu na kwenye akaunti za fedha, na namba hizo zisifanane wala zisiwe mwaka wa kuzaliwa. Wakipita njiani usiku waache sikio moja wazi bila spika ya masikioni, simu ikae mfukoni, funguo za geti ziwe mkononi kabla ya kulifikia geti. Ukihisi unafuatwa, usiende kwako. Ingia dukani, ingia kwa mama lishe, rudi kituoni. Usiku panda bodaboda wa kijiwe kinachojulikana, na kabla ya kukaa mtumie mwenzako namba ya pikipiki mbele ya dereva mwenyewe. Dereva mwema hachukii, anafurahi kuaminika.

Kwa mambo ya nyumbani na ya watu tunaowajua, masomo ni tofauti. Binti anafundishwa dalili za mtu anayemwandaa: zawadi zisizo na sababu, siri ndogondogo za kuficha wazazi, kumtenga na rafiki zake, mzaha wa kumshika shika unaozidi kila siku. Anafundishwa kwamba msaada wa ada au nauli haununui mwili. Anafundishwa kumtaja mtu huyo kwa watu wazima wawili au watatu, si mmoja, maana mmoja anaweza kumnyamazisha. Anafundishwa namba 116, Simu ya Mtoto, ambayo mtoto anaweza kuipiga mwenyewe.

Na wote, wasichana kwa wavulana, tunawafundisha sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa kila mtu haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali yake dhidi ya shambulio lisilo halali. Inatambua uzito wa mashambulio kama lile la mtu anayekusudia kubaka au kuteka. Lakini inaweka mpaka: nguvu itumike kwa kiasi kinachohitajika kujilinda. Anayepitiliza atawajibika, na akisababisha kifo kwa nguvu iliyopita kiasi, atakuwa ametenda kosa la kuua bila kukusudia. Hapa ndipo kujihami kunapoachana kabisa na kile tunachokisoma magazetini kuwa ni "wananchi wenye hasira kali". Kibaka aliyekwisha kuanguka chini, aliyekwisha kufungwa kamba, si shambulio tena. Kumpiga mawe au kumchoma moto ni mauaji, na mara ngapi wamechomwa wasiohusika kwa sababu mtu mmoja kapiga kelele za "mwizi"? Darasa la kujihami linapunguza hasira ya namna hiyo, kwa sababu mtu aliyejifunza kutulia anajua pa kuishia.

Waheshimiwa, sasa nifike kwa yule anayesikia.

Nyanda hizi za kati zinajua maana ya yowe. Sungusungu walipoanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuenea hadi kwa majirani zao, nguvu yao haikuwa mishale tu. Nguvu yao ilikuwa kwamba mtu akipiga yowe, kila mwenye miguu anatoka. Sisemi turudishe sungusungu na makosa yake, maana kuna waliopigwa na kutozwa faini bila kusikilizwa. Nasema ule wajibu wa kutoka umepotea mjini, na hakuna kilichowekwa mahali pake. Binti anapiga yowe saa tatu usiku Iyumbu. Nyumba ya kwanza, televisheni inaongezwa sauti. Nyumba ya pili, baba anasema ni mambo ya wapenzi. Nyumba ya tatu, mlinzi anaogopa kuacha geti. Hakuna hata mmoja mwenye roho mbaya kati yao. Kila mmoja anaogopa kutoka peke yake, na hakuna aliyewahi kuwaambia wafanye nini.

Jibu linafundishika, tena kwa saa moja ya mkutano wa mtaa. Ukisikia yowe, washa taa zote za nje. Jibu kwa sauti, au piga filimbi, ili mvamizi ajue amesikika. Wengi hukimbia hapo hapo. Mpigie jirani mkutane, mtoke wawili, watatu, kamwe usitoke peke yako. Mmoja apige 112 na kumpigia mwenyekiti wa mtaa au polisi kata. Mkimkamata mtu, msimpige. Mlindeni mpaka polisi wafike. Mwanamke mmoja akae na aliyeshambuliwa, amfunike, amsikilize, asimuulize alivaa nini wala alikuwa anatoka wapi. Bodaboda wa kijiwe cha karibu wawe ndani ya mpango huu kwa majina yao, kwa sababu wao wako macho wakati sisi tumelala, na wana taa na mwendo.

Jirani huyohuyo ajue na hatua za baadaye. Aliyebakwa afike hospitali haraka iwezekanavyo: dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, dawa za kuzuia mimba zinafaa hadi siku 5, mapema ikiwa bora zaidi. Asioge, asifue nguo alizovaa. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Fomu ya polisi, PF3, ni muhimu kwa ushahidi, lakini anayevuja damu aokolewe kwanza, fomu ifuate. Kituoni aulizie Dawati la Jinsia na Watoto, na hospitalini aulizie kituo cha mkono kwa mkono, ambako tabibu, polisi na ustawi wa jamii wanamhudumia mahali pamoja.

Nasema haya kwa uchungu, maana mwanafunzi wangu mmoja, binti mwenye akili na adabu, alivamiwa akarudi salama kwa sababu alipaza sauti na kukimbia. Alipokwenda kutoa taarifa, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa, "Na wewe usiku ule ulikuwa unafuata nini?" Akatoka bila kuandikisha. Mvamizi wake hayumo kwenye daftari lolote, na kesho atamvamia mwingine.

Ndiyo maana nataka kulijibu mapema lile pingamizi ninaloliheshimu kuliko mengine yote: kwamba kumfundisha mwanamke kujihami ni kumtwika yeye mzigo wa uovu wa mwanamume. Nalikubali kwa nusu. Kosa ni la mvamizi, siku zote, saa zote, hata kama binti alipita pagaleni usiku wa manane, na hata kama alifundishwa akashindwa kupaza sauti. Mwili wa mtu aliyeshtuka unaweza kuganda, na kuganda si kukubali. Iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa mtaala wowote mtakaoupitisha. Lakini nusu ya pili ni hii: binti anayepita pale leo jioni hawezi kungoja mpaka wanaume wote wafundishike. Tumfundishe yeye, na wavulana tuwafundishe kwa vikao vilevile: kuheshimu neno hapana, kumzuia mwenzao anayepanga ubaya, na kutoka wakisikia yowe.

Wengine watasema wasichana watakuwa wakorofi. Wanaokuja kwangu wanajifunza zaidi kuondoka kwenye ugomvi kuliko kuuingia. Wengine watasema ni kazi ya polisi. Ni kazi ya polisi kweli, lakini polisi hawezi kuwa kwenye kila njia ya mkato ya mji huu, na dakika anazochukua kufika ndizo ninazoziombea somo.

Kwa hiyo ninaliomba Baraza lako tukufu, Mstahiki Meya, mambo yafuatayo:

1. Kila shule ya sekondari ya Jiji iwe na vikao 6 vya saa 2 kwa mwaka, kwa wasichana na wavulana, kuanzia kidato cha kwanza. Skauti, girl guides na walimu wa michezo waandaliwe kuwa wakufunzi.

2. Jiji likae na wakuu wa vyuo ili mafunzo ya saa 12 yaingie katika majuma ya kuwapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na yawafikie wanaopanga nje ya kampasi.

3. Kila mtaa ufanye zoezi la kuitikia yowe, uandike orodha ya namba za simu za majirani na vijiwe vya bodaboda, na kila nyumba iwe na filimbi.

4. Hakuna mkufunzi atakayefundisha bila kuchunguzwa mwenendo wake, na hakuna mwanamume atakayefundisha wasichana bila mwanamke mtu mzima kuwepo. Tusije tukafungulia mlango kilekile tunachokikimbia.

5. Wenye mapagale walazimishwe kwa sheria ndogo kuyaziba milango na madirisha na kufyeka kiwanja, na taa za barabarani zianzie kwenye njia za miguu zinazotoka vituo vya daladala na vyuoni.

6. Baada ya mwaka mmoja, Jiji lipime: wangapi wamefundishwa, matukio mangapi yametolewa taarifa, njia gani bado zina giza. Matukio yanayoripotiwa yakiongezeka mwanzoni, msishtuke. Ni ishara kwamba waliokuwa wakinyamaza wameanza kusema.

Gharama yake si ya kutisha. Jiji hili ni miongoni mwa halmashauri zinazokusanya mapato makubwa ya ndani nchini. Darasa la kujihami linahitaji uwanja wa shule, magodoro machache ya zamani, filimbi na mkufunzi aliyelipwa posho ya haki. Mpango wa Taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, tunaouita MTAKUWWA, umeshaunda kamati za ulinzi hadi ngazi ya kata na mtaa. Kamati zipo, wajumbe wapo, vikao vinakaa. Kinachokosekana ni kazi ya mikono wanayoweza kuifanya kila mwezi na kuona matunda yake. Hii ndiyo kazi yenyewe.

Mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1, na makadirio yake mtayajadili mapema kabla ya hapo. Naomba katika makadirio yajayo kuwe na mstari mmoja wenye jina la kazi hii na kiasi chake cha fedha, na kazi ianze na kata tatu: moja ya katikati ya mji, moja ya wanafunzi, na moja ya pembezoni. Mimi na wakufunzi wenzangu tuko tayari kuja mbele ya kamati yenu ya huduma za jamii kuonyesha somo zima kwa vitendo, bila malipo, siku yoyote mtakayotuita. Waheshimiwa wenyewe mtavua makoti na kulijaribu, kisha mtaamua mkijua mnachokiamua.

Wenu katika ujenzi wa Jiji,

Mwalimu wa kujihami,
Nkuhungu, Dodoma.